Mashine Niliyoizima Kabla Watu Hawajafika

Mume wangu alikufa mchana wa Jumatano, mvua ikinyesha, ndani ya kibanda chetu cha fotokopi katika mtaa wa Rwambuzi, mjini Bunia. Mimi ndiye niliyemkuta. Watu walipofika waliona mambo matatu: mume wangu ameweka kichwa juu ya meza, mlango uko wazi, na karibu na mkono wake kuna sahani ya sombe iliyobaki nusu. Kwa mambo hayo matatu wakatengeneza habari yao, na habari hiyo ilitaka kummaliza mwanamke asiye na kosa. Jambo la nne nililijua mimi peke yangu, nikalinyamazia mpaka siku ya arobaini. Nimeona niliandike, kwa sababu siku nilipolisema kwa mdomo maneno hayakukaa kwa mstari.

Shule niliishia darasa la sita. Mume wangu alimaliza sekondari, na kazi yake ilikuwa ya watu waliosoma: alitoa fotokopi za hati, alipiga picha ndogo za vitambulisho, na kwenye ubao wa ukutani alichaji simu za watu. Kibanda kilikuwa cha mbao na mabati, chenye vyumba viwili. Mbele kulikuwa na meza na mashine yake ya fotokopi. Nyuma kulikuwa na chumba kidogo cha karatasi, kisicho na dirisha. Umeme wa kwetu Bunia huja ukitaka na huondoka ukitaka, kwa hiyo tulinunua jenereta ndogo nyekundu, ambayo sisi huku tunaiita grupe.

Fundi aliyetuuzia alikuja mwenyewe kuisimamisha. Alihesabu hatua kumi kutoka mlango wa nyuma, akasawazisha udongo kwa jembe, akaiweka pale na kuigeuza ili bomba la moshi liangalie mbali na kibanda. Juu yake alisimamisha bati moja kwa miti minne, bila kuta.

"Mama," aliniambia, "hii kitu inapumua. Weye unapumua, yee pia anapumua. Mukilala chumba moja naye, yee ndiye atawamalizia hewa."

Nikamwambia moshi nitauona, nitakimbia.

"Ile unaona haiko shida sana. Ile hauoni, haiko na harufu, haiko na rangi, ndiyo inaua. Na haipigi hodi."

Mume wangu alishika maneno yale kama mtu anayeshika somo la mtihani. Kila asubuhi alipima oili kwanza. Aliwasha grupe bila kuipa mzigo, akaiacha ipate joto kidogo, kisha akachomeka mashine ya fotokopi, na simu za watu zikafuata nyuma. Waya aliunyoosha wote, hakuuacha umejikunja, na hakuugusa kwa mikono yenye maji. Esansi, yaani petroli, ikiisha hakumimina ndani ya mashine yenye moto. Alizima, akaiacha ipoe, akangoja. Wateja walilalamika.

"Papa, mimina tu! Niko na haraka, pikipiki yangu inaningoja kwa barabara!"

"Haraka yako haitazima nyumba ikiwaka," alijibu. Halafu akavuka barabara kwenda kula.

Ndivyo alivyokuja kuwa mteja wa kila siku wa mama wa sombe. Muda wa grupe kupoa ulikuwa muda wake wa kula.

Mama huyo alikuwa mkimbizi kutoka vijiji vya Djugu. Alipika wali na sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, chini ya kipande cha hema upande wa pili wa barabara. Alikuwa mgeni mtaani, na mgeni anayeuza chakula kwetu ana kazi mbili. Sisi tunaogopa sana sumu. Chupa hufunguliwa mbele ya macho yako, na anayekupa chakula huonja kwanza mbele yako, ndipo akukabidhi. Wenye vibanda waliozoeleka waliacha zamani. Yeye hakuacha. Kila sahani aliichukulia kijiko kimoja, akala, akafuta kijiko, akakupa.

"Mama, usionje!" mume wangu alimtania. "Ile kijiko ni yangu. Unanipunguzia."

"Nikiacha kuonja, siku utaumwa tumbo utasema ni miye."

"Nikiumwa tumbo nitasema ni pilipili yako."

"Basi nipunguze pilipili?"

"Hapana! Punguza kuonja!"

Watu kwenye benchi walicheka. Nami nilikuwapo mara nyingi, nikacheka.

Halafu grupe ya fundi cherehani, jirani yetu wa kushoto, iliibiwa. Iliibiwa mchana, wakati wa mvua kubwa, mvua inapopiga mabati na mtu hasikii hata anayezungumza naye. Mnyororo ulikatwa kama kamba ya mgomba. Fundi cherehani alisimama pale akishika kipande cha mnyororo kilichobaki, na mimi kuanzia siku hiyo sikuwa na amani.

Nilimwambia mume wangu grupe iingie ndani, kwenye chumba cha nyuma.

"Fundi alikataza," alisema.

"Fundi atatununulia ingine?"

"Mama watoto, ile kitu inapumua."

"Wezi pia wanapumua."

Hayo ni maneno yangu. Nimeyarudia kichwani mara nyingi, na sijapata namna ya kuyageuza yakawa ya mtu mwingine. Nilisema siku tatu mfululizo. Siku ya nne alichoka, akaenda kwa mchomeleaji, akatengenezewa bomba refu la kuunga kwenye bomba la moshi na kulitoa nje kupitia tundu la ukuta. Wengi mjini hufanya hivyo. Tulibeba grupe pamoja, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, tukaiingiza ndani. Pale mabomba yalipoungana tulizungusha kitambaa na waya. Tulipoiwasha nilitoka nje, nikaona moshi unatokea kwenye ncha ya bomba nyuma ya kibanda. Nilirudi nikamwambia: "Unaona? Unatoka wote."

Sikujua kwamba grupe hutikisika siku nzima, na kinachotikisika hulegea. Wala sikujua kwamba hata bomba likikazwa, mashine yenyewe huvuja mahali pengine pengi. Hayo nilielezwa baadaye, wakati hayanisaidii. Lakini la kwanza, la hewa, nilikuwa nimeelezwa mapema na kwa lugha ninayoielewa.

Dalili zilikuja. Siku moja nilikaa naye kibandani kupanga karatasi, kichwa kikaanza kunigonga, tumbo likapanda. Nilitoka nje nikatapika kando ya mfereji. Mume wangu alisimama mlangoni anacheka.

"Mama watoto, ni habari njema ama ni ya kuogopa?"

"Funga mudomo. Ni maharage ya jana."

"Maharage ya jana yataitwa nani?"

Yeye pia aliumwa kichwa, akanunua dawa za malaria, akazimaliza, kichwa kikaendelea. Tulikaa mtaa wa Shari wakati ule, na jioni tulirudi nyumbani kwa miguu. Kabla hatujafika tulikuwa wazima kabisa, tunapiga hadithi. Hewa ya njiani ndiyo iliyotuponya, nasi tukadhani ni furaha ya kufunga kazi.

Jumatano ile kulikuwa na watu wengi asubuhi, wazazi waliotaka fotokopi za karatasi za shule. Niliwaacha, nikaenda sokoni. Kuelekea saa saba mvua ilianza, ya upepo, ile inayoingia kwa ubavu. Wateja wakatawanyika. Mume wangu alifunga dirisha na mlango ili karatasi zisilowe, akaendelea na kazi aliyoachiwa. Mlango wa chumba cha nyuma haukufungika, kwa sababu waya ulipita pale. Mama wa sombe alimwona hajaja kula, akajifunika gunia kichwani, akavuka na sahani, akagonga, akampa, akarudi mbio kwenye moto wake. Baadaye aliniambia kwamba siku hiyo alionja akiwa amesimama mlangoni, maji yakimtiririka mgongoni, na mume wangu akamwambia maneno yake yale yale.

Mimi nilifika saa tisa na kitu. Niligonga, hakujibu. Nilisikia grupe ndani. Nilisukuma mlango, joto likanipiga usoni. Alikuwa amelaza kichwa juu ya mikono kama mwanafunzi aliyesinzia. Nilimwita, lakini kelele ya mashine ilikuwa kubwa katika chumba kilichofungwa. Nikapita nyuma yake, nikaingia chumba cha karatasi, nikazima grupe ili anisikie.

Ndivyo nilivyofanya. Nilianza na mashine, yeye akafuata. Kelele ilipokatika nilimwita tena, na nikajua.

Nilifungua mlango wote na dirisha lote. Nilijaribu kumvuta, sikuweza, nikatoka nje kupiga kelele. Mvua ilichelewesha watu. Walipofika, upepo ulikuwa umeshafagia kibanda. Grupe ilikuwa kimya ndani ya chumba chake cha giza, na hakuna aliyeiuliza chochote. Kichwa kilikuwa kinanipasuka na miguu imelegea. Walisema ni uchungu. Ulikuwepo uchungu, lakini halikuwa jambo moja tu.

Kituo cha afya kilisema amefika akiwa amekwisha kufa, kikatuandikia karatasi. Tulimzika Ijumaa.

Kaka yake mkubwa alifika kutoka Butembo, ambako familia yao ni ya wafanyabiashara. Ni mtu mzito, msema kidogo, na alimpenda mdogo wake. Aliuliza swali moja: alikula nini mwisho? Mtu akamletea ile sahani. Ilikuwa sahani ya bati, nyeupe, yenye mdomo wa bluu uliomenyeka mahali. Shemeji aliifunga ndani ya mfuko wa plastiki na sombe yake iliyokauka, akaiweka juu ya kabati letu.

Mjane kwetu hukaa kwenye mkeka, amejifunika kitambaa, na hasemi kitu. Wengine husema. Mimi nilisikiliza.

"Miye niliona ile sombe. Ilikuwa na rangi."

"Sombe ni majani. Ulitaka ikuwe na rangi gani?"

"Nyeusi nyeusi."

"Weye! Si ulikula kwake Jumanne, ukaomba kuongezewa?"

"Nilikula ya Jumanne. Sikula ya Jumatano."

"Na yule mwanamke, nani anajua kwao?"

"Kwao kuliungua. Ndiyo sababu yuko hapa."

"Basi mutu anatoka kwa moto, anakuja kututilia sisi moto."

Vijana wa mtaa walitaka kwenda kubomoa hema lake siku ile ile ya mazishi. Shemeji aliwazuia, na hilo ni lazima nimshukuru. "Hatumugusi mutu kabla ya arobaini," alisema. "Siku ya arobaini tutamuita hapa, mbele ya Mungu na watu. Atasema. Akikosa kusema, mutaa utajua la kufanya." Kwa hiyo kila mtu alijua siku. Mama wa sombe alijua siku. Na mimi nilijua siku.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza, na jibu si refu. Nikisema ni mashine, wataniuliza nani aliiingiza ndani. Mjane yeyote huangaliwa kwa jicho la upande, hata yule ambaye mumewe ameangukiwa na mti. Nilikuwa na watoto wawili, na niliogopa shemeji atawachukua. Hizo ni sababu za kweli. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine: ilinifaa. Wakati wote wanamtazama yule mama, hakuna aliyenitazama mimi, hata mimi mwenyewe sikulazimika kujitazama. Siwezi kusema sikujua. Kila asubuhi nilijua upya.

Wiki ya pili alikuja kutoa pole. Anayekuja kwenye msiba huleta kitu: unga, maharage, sukari. Yeye angeleta nini, na nani angekipika? Alikuja na mzigo wa kuni kichwani. Kuni hazitiwi sumu. Alizitua karibu na jiko, wanawake wakasogea kando kama vile amemwaga maji. Akapiga magoti mbele ya mkeka wangu.

"Pole, dada. Papa alikuwa mutu wa kicheko."

Nikatazama mkeka. Nilihesabu nyuzi zake. Aliinuka akaenda, na zile kuni zilikaa pale kwa siku nyingi bila mtu kuziwasha, mpaka mvua ikaziharibu.

Walikuwa wakiniletea habari zake bila kuulizwa. Kwamba sufuria yake hurudi imejaa. Kwamba sasa anaonja vijiko viwili, lakini benchi ni tupu. Kwamba mtu alimwaga mchanga kwenye moto wake. Kwamba hajaondoka kwa sababu hana pa kwenda.

Siku ya arobaini ilifika. Walitandaza turubai kubwa juu ya ua wetu, wakapanga viti. Umeme haukuwapo, kwa hiyo walikodi grupe kwa ajili ya kipaza sauti, ya aina ile ile ya kwetu, ila hii ilikuwa ya kijani. Mwanzoni waliiweka vizuri, nje, karibu na njia. Mchungaji alihubiri, tukaimba, tukaomba. Nilikuwa kwenye mkeka wangu mbele, na mama wa sombe alikuwa kiti cha mwisho, peke yake, viti viwili vitupu kila upande.

Baada ya maombi mvua ikaja. Wanaume wawili walikimbia wakabeba grupe, wakaiingiza chini ya turubai isilowe, ikiwa bado inawaka. Kisha, kwa kuwa upepo ulikuwa unaleta maji, wakashusha pande zote nne za turubai na kuzifunga kwa kamba chini. Ilikuwa kama kuingia ndani ya gunia. Watoto walisogea karibu na mashine kwa sababu kulikuwa na joto. Binti yangu alikuwa miongoni mwao. Hakuna mtu aliyefanya ubaya. Walikuwa wanatulinda na mvua.

Shemeji alishika kipaza sauti. "Mama wa kule nyuma, simama." Akasimama. "Uko mbele ya Mungu. Mudogo wangu alikula kwa mukono wako. Ulitia nini?"

"Nilitia chumvi," alisema mama wa sombe. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Chumvi, mafuta ya mawese, na pilipili, sababu yee alipenda pilipili. Na nilionja."

"Kila mutu anasema alionja!" mwanamke mmoja alipaza sauti.

Nilikuwa namtazama binti yangu. Alipiga miayo, kisha akashika paji la uso kwa kiganja, na kulikandamiza. Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa nimelishika paji langu vile vile, kando ya mfereji, kule Rwambuzi.

Nikainuka kutoka kwenye mkeka. Mjane hainuki. Nilipita katikati ya viti, nikafika kwenye grupe, nikaizima.

Kipaza sauti kikafa. Tulisikia mvua.

"Nani amezima?" shemeji aliuliza.

"Miye."

"Shemeji, rudi kwa mukeka. Uchungu iko mingi."

"Fungueni turubai," nikasema. "Pande zote."

"Mvua inanyesha!"

"Mulowe. Tafazali, mulowe tu. Mutoe watoto inje kwanza."

Hakuna aliyesogea. Aliyesogea wa kwanza alikuwa yule fundi, aliyetuuzia grupe yetu. Alikuwa amekaa kando na sikujua kama amekuja. Alinitazama, akaitazama ile mashine na turubai lililofungwa, na nadhani alielewa yote kabla sijasema. Alikata kamba kwa kisu chake. Upepo ukaingia, maji yakaingia, watu wakapiga kelele na kuinua viti.

Nikasema pale pale, nimesimama, bila kipaza sauti. Nikasema kwamba Jumatano ile grupe ilikuwa inawaka ndani ya kibanda, mlango na dirisha vimefungwa. Kwamba mimi ndiye niliyeizima kabla watu hawajafika, na mimi ndiye niliyefungua mlango. Kwamba mimi mwenyewe nilitapika kwa sababu ya ile hewa, na yeye aliumwa kichwa wiki nzima. Kwamba sombe haikumuua.

Shemeji alikuwa bado ameshika kile kipaza sauti kilichokufa, karibu na mdomo. "Na nani aliingiza mashini ndani?"

"Yee alikataa. Miye nililazimisha. Nilisema siku tatu. Tulibeba sote wawili."

"Basi ni weye ulimuua!" Alikuwa shangazi yao.

"Mashini ndiyo ilimuua," nilisema. "Lakini kuiingiza, ni miye."

"Na siku arobaini ulinyamaza," shangazi alisema.

"Nilinyamaza."

Shangazi aliendelea. Wengine walianza kulia upya, kama siku ya kwanza. Shemeji alimuuliza fundi kama jambo hilo linawezekana, na fundi akalieleza, kofia mkononi, mvua ikimpiga, kwa maneno aliyoniambia mimi siku ile: inapumua, inamaliza hewa, haipigi hodi. Akaelekeza kidole kwa binti yangu na watoto wengine wawili waliokuwa wanashika vichwa, wameketi kwenye matope nje.

Shemeji aliingia ndani ya nyumba. Alirudi na ule mfuko wa plastiki, nikadhani atanipiga nao. Aliuweka tu mikononi mwangu. Kisha akatembea mpaka nyuma, alikokuwa amesimama mama wa sombe, akavua kofia yake. Sijui alimwambia nini. Mvua ilikuwa kubwa.

Hakunichukulia watoto. Lakini tangu siku hiyo, akipiga simu huomba kusema nao, si nami. Shangazi haji kwangu. Sipigani na hilo.

Siku hizi kibanda nakiendesha mimi. Grupe imerudi mahali pake pa kwanza, hatua kumi, chini ya bati lisilo na kuta. Fundi aliizungushia kizimba cha nondo kilichozama kwenye saruji, chenye kufuli. Kitu hicho kiliwezekana tangu mwanzo. Hatukuuliza. Mvua ya upepo ikija nazima mashine, nafunga kazi, na wateja wanalalamika. Mtu akiniambia amepitisha bomba ukutani, namwacha mteja wangu, nakwenda naye mpaka kwake kuangalia. Wengine wanasema nimekuwa kama mhubiri. Mmoja aliniambia, "Mama, kila mutu ana kifo yake." Nikamjibu kwamba kile cha mume wangu nilikibeba upande mmoja, ninajua uzito wake.

Lakini nataka kumalizia siku ya tatu baada ya arobaini. Nilikuwa nimeiosha ile sahani kwa majivu na maji ya moto mpaka mdomo wake wa bluu ukang'aa. Nikaenda Rwambuzi. Ilikuwa mchana, saa ya watu kula, na benchi lake lilikuwa tupu. Upande wa kibanda chetu walikuwapo fundi cherehani, waendesha pikipiki na wauza vocha. Wote waliacha walichokuwa wakifanya.

Nikampa sahani. Aliipokea, akaigeuza chini na juu.

"Ulijua?" aliniuliza.

"Nilijua."

"Siku ile nilileta kuni, ulijua?"

"Nilijua."

Alikoroga sufuria kwa muda mrefu, nayo haikuhitaji kukorogwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nilikuwa nimeamua kuyasikiliza yote nikiwa nimesimama. Hakutukana. Alichukua sahani akaiosha tena yeye mwenyewe, ingawa ilikuwa safi, akaipanguza kwa kitambaa chake, akaweka wali, akaweka sombe.

"Kaa," alisema.

Nikakaa katikati ya benchi, uso kuelekea barabarani ili waone. Alichukua kijiko akakichovya kwenye sahani yangu.

"Mama, usionje," nikasema. "Unanipunguzia."

Kijiko kikasimama hewani. Alinitazama, nami safari hii sikutazama chini. Kisha akaonja hata hivyo, kijiko kilichojaa, akatafuna polepole, akameza mbele ya mtaa wote. Akakifuta kijiko, akanikabidhi.

Nikala mpaka mwisho.